Usipa Si Samaki

Sili usipa. Kwa miaka yote niliyofanya utafiti wa afya za watoto nililikana jambo hili mbele ya wakuu wangu, mbele ya akina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na hata mbele ya padri aliyenikaribisha mezani. "Nimeshakula," nilisema kila mara, tumbo likinguruma. Usipa ndio dagaa wa ziwa letu. Anayehimiza wenzake wawalishe watoto dagaa hawezi kukiri kwamba sahani ya dagaa humtazama kwa macho mengi mno. Sisi tuliokulia kijiji cha Ruanda, milimani kwenye kahawa, tulikutana nao wakiwa wakavu guniani, harufu yao ikiwa imetangulia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ubao wa kupimia urefu. Mtoto wa chini ya miaka miwili hasimamishwi. Hulazwa chali, mmoja akashika kichwa, mwingine akasukuma kibao hadi kwenye nyayo. Urefu ukiwa mdogo kuliko umri unavyotaka, huo ni udumavu, na ndio tuliokuwa tukiutafuta. Nilikuwa na shahada mpya na viatu vipya. Nilipomlaza mtoto wa kwanza, bibi yake akapiga kelele: "Mnampima mjukuu wangu jeneza?" Msimamizi wangu, Bwana Afya wa zamani, hakunigombeza. Alijilaza mwenyewe juu ya ubao, miguu ikatokeza nje, akamwomba bibi ampime. Bibi akacheka, mtoto akapimwa. "Chuo kilikufundisha ubao," aliniambia tukirudi. "Bibi hakikukufundisha."

Nilipanda polepole: kutoka ubao hadi utepe wa kupima mzingo wa mkono, kutoka utepe hadi usimamizi wa wadodosaji. Dodoso ni maswali yaliyoandikwa, na mdodosaji ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuyauliza. Amri yetu kuu ilikuwa moja: soma swali kama lilivyo, usiongeze neno. Niliifundisha kama katekisimu. Aliyeishika kuliko wote alikuwa Editha, mama wa watoto wawili, mwenyeji wa Lipingo, kijiji cha ziwani. Kwa kuwa alijua Kinyasa, tulimpa mwambao wote peke yake.

Kazi ya mwambao ilipofika ofisini Mbinga, Mtafiti Mkuu, ambaye sote tulimwita Daktari, aliniita. Penye swali "Je, tangu jana asubuhi mtoto amekula samaki?" Editha alikuwa amejaza hapana, ukurasa baada ya ukurasa.

"Dada, watoto wa ziwani hawali samaki?" aliuliza. "Huyu amekaa kwenye kivuli akajaza mwenyewe. Kazi yake tunaitupa, na mkataba wake unaishia hapa."

Niliomba nirudie kaya chache kwanza. Mkataba ule ndio uliowasomesha watoto wa Editha, na kufukuzwa kwa udanganyifu katika kazi yetu ni kufukuzwa kila mahali. Editha aliponiona napanda gari alisema tu, "Madam, si mlituambia tusiongeze neno?"

Lipingo niliingia kwa Mama Festo, kaya ya kwanza kwenye orodha ya Editha, wakati wa chakula cha mchana. Mwanawe alikuwa pajani, mdomo umejaa. Nikasoma swali kama lilivyo.

"Samaki? Hajala," alijibu, huku akimega ugali, akauchovya kwenye bakuli, akamlisha.

Nikatazama bakuli. Bakuli likanitazama.

"Mama Festo, na hiyo?"

"Hii ni mboga. Usipa."

"Usipa si samaki?"

Aliangua kicheko hadi mtoto akatikisika. "Dada, umesoma mpaka wapi wewe? Samaki ni mbasa, ni mbelele. Ukimshika anajaa mkono. Huyu ni usipa! Karibu, nawa mikono."

"Nimeshakula."

"Wapi, na umefika sasa hivi? Aa, wewe ni wa milimani. Unatufundisha kulisha watoto kitu usichokila!"

Nyumba nyingine mbili majibu yalikuwa yaleyale, na mabakuli yaleyale. Editha hakuona la kushangaza alipojaza hapana, maana hata kwake usipa ni usipa.

Sasa nimeacha kazi ya kuzunguka. Magoti yameamua kabla yangu. Wadodosaji wa leo wanabeba vishikwambi, hesabu zinafika ofisini kabla vumbi halijatua, nao huniuliza kipi kilikuwa kigumu zamani. Wanategemea nitaje ubovu wa barabara. Kigumu ni kumwuliza mtu kwa Kiswahili chake, si chako, na hilo kishikwambi hakijalipunguza. Lakini ningekuwa mwongo nikidai kwamba Daktari alishawishika kwa hoja zangu.

"Hayo ni maneno ya kumtetea mtu," aliniambia niliporudi kutoka Lipingo, Editha akiwa amesimama mlangoni. "Mimi nimezaliwa Musoma, ziwani. Dagaa ni samaki. Nani asiyejua?"

"Mpigie mama yako, Daktari."

"Mama ana uhusiano gani na utafiti?"

"Mpigie tu. Usome swali kama lilivyo."

Alipiga, akaweka spika, akaitegemeza simu kwenye kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona saa za kazi? Unaumwa?"

"Siumwi. Mama, tangu jana asubuhi umekula samaki?"

Sauti ya mama yake ikajaza chumba: "Samaki nimtoe wapi, mwanangu, na bei hizi? Tunakula dagaa tu siku hizi. Hela uliyosema utatuma iko wapi?"

Editha akasogea hatua moja, mikono nyuma, akauliza kwa adabu kabisa:

"Daktari, hapo nijaze nini?"

Daktari akavua miwani, akacheka hadi mama yake akauliza anacheka na nani.

"Ongeza neno dagaa," akamwambia Editha. "Na usipa. Kisha kapakie ubao wako garini, urudi mwambao."