Kiti cha Mgeni kwa Yaya

Miaka mingi nilikula mkate wa ambasade, kazi ya ubalozi, na sasa ninafundisha mahusiano ya kimataifa hapa Uvira. Wanafunzi wananiita Prof. Asubuhi ninaandika kitabu juu ya majirani wanaogawana ziwa na bonde moja, meza yangu dirishani, milima ya Burundi ikionekana ng'ambo ya maji. Sura sita zimekwisha. Ya saba, ile ya kupatana baada ya kosa, imenishinda, na sababu ninaijua.

Mama alipofariki kule kijijini kwetu Runingu, nilikuwa ughaibuni kwenye mazungumzo ambayo leo hata sikumbuki yaliishia wapi. Sikuja kuzika. Nilimwandikia yaya, kaka yangu mkubwa, barua ya pole kwa mashine, vilevile tulivyoziandikia serikali za watu: "Aliyetia sahihi hapa ana heshima ya kukufikishia..." Halafu, mjinga mimi, nikaigonga muhuri. Mkono ulishazoea. Yaya hakujibu. Nilirudi nchini, nikajenga hapa mjini, na bado kimya.

Nilitamani anigombeze. Anifokee "weye mudogo" kama zamani, mbele ya watu, mpaka nione aibu. Nilitamani hivyo, mzee mzima.

Mwezi uliopita nikachukua pikipiki, nikaenda. Nilimkuta uani anaanika mihogo na wanawe. Akasimama, akanipa mkono. Nikaomba msamaha palepale, bila karatasi.

"Ile ilishapita," akasema. "Karibu, kaa."

Kwetu mtu wa nyumba haambiwi karibu. Anaingia jikoni mwenyewe, anafunua sufuria, anakaa kwenye mkeka na wenzake. Mimi nililetewa kiti chenye kitambaa. Kuku akachinjwa. Soda ikafuatwa dukani. Yaya, mkubwa wangu, akainama akaninawisha mikono, kisha akatoka. Wao walikula uani, bugali na sombe ya majani ya mihogo, na nilisikia wakicheka.

Nikabeba sahani yangu niwafuate. Yaya akanikuta mlangoni.

"Hapana, rudi tu kwenye kiti," akasema kwa upole. "Huku iko vumbi, utachafua nguo."

Kazi yangu yote ilikuwa kupokewa na watu, na mapokezi mazuri ninayajua. Yale hayakukosa kitu. Nikarudi kwenye kiti, nikala peke yangu.