Sanamu ya Timanori

Siku Dorki alipomwona kwa mara ya kwanza, yule mama alikuwa amesimama nje ya jiwe la mpaka wa hekalu, mikono kiunoni, akimsuta mungu.

"Herakle," alisema, kama mtu anayemsema jirani juu ya ukuta. "Ulipokuwa mtumwa wa yule malkia wa Lidia alikuvika gauni, ukakaa na wajakazi wake ukisokota sufu. Wakati ule wanawake hawakukuudhi. Leo tumekukosea nini?"

Dorki, mlinda lango, alikuwa na ufagio mkononi. Kazi yake ilikuwa kufagia ua wa hekalu, kuchota maji ya kunawa, na kuwazuia wanawake wasiingie. Katika kisiwa chetu Herakle hali nguruwe wala mbuzi, na mwanamke hapiti mlangoni pake. Hiyo kazi ya kuzuia hakuwahi kuifanya, maana hakuna aliyejaribu.

"Mama, hapa wanawake hawaingii," alisema, akiutazama ufagio.

"Kwani umeniona naingia? Mimi naongea naye tu. Wewe endelea na vumbi lako."

Jina lake Ktesila, lakini mji mzima ulimwita Mama Timanori. Mwanawe Timanori alikuwa mpigana ngumi. Alishinda michezo ya ng'ambo, akarudi na taji la majani kichwani, watu wakambeba mabegani. Kisha vita vikaja, merikebu ikazama naye, na maiti yake haikuonekana. Mji ukamtengenezea sanamu ya shaba, ukaisimamisha ndani ya ua wa Herakle, nyayo zake zimegandishwa kwenye jiwe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Kila mwanamume alikwenda kuitazama, hata walevi. Mama yake, aliyemlea peke yake kwa kuchunga ng'ombe juu ya machimbo ya marumaru, hakuwa na kaburi la kulilia, na sanamu nayo alinyimwa kuiona.

Akamkabili kuhani Agesarko pale langoni.

"Ni mwiko, mama," kuhani alisema.

"Mwiko wa nani?"

"Wa mungu."

"Alikwambia lini? Siku ile mliyokuwa mmeshiba, au mlipokuwa mmelewa?"

Wanaume waliokuwa karibu wakacheka. Dorki hakucheka. Alikasirika, na hasira ile ilimshangaza mwenyewe, kwa kuwa hakuzoea kumkasirikia mtu.

Sikukuu ilipokaribia, mji ulichagua dume la ng'ombe la kuchinjwa. Zuri kuliko yote lilikuwa la Mama Timanori, jeupe, halina doa. Hakukataa. Alilileta mwenyewe, limevishwa shada la maua, linamfuata nyuma kama mtoto. Alipofika kwenye jiwe la mpaka aliiachia kamba, akasogea pembeni. Ng'ombe naye akasimama.

Kila mtu alijua maana yake. Mnyama wa mungu huingia kwa hiari, na akinyunyiziwa maji hutikisa kichwa kuonyesha kwamba amekubali. Wa kuburutwa si sadaka, ni nyama tu. Wakamwonyesha shayiri. Wakamsukuma taratibu. Ng'ombe akageuza shingo kumtafuta Mama Timanori.

"Mwambie aende," Agesarko alisema.

"Huyu haswagwi kutoka nyuma, baba. Tangu ndama hutanguliwa. Nitangulie?"

"Hilo haliwezekani."

"Haya. Mtoto wangu mmemchukua, ng'ombe wangu mnamtaka, miguu yangu ndiyo inayonuka."

"Mwacheni aingie, mungu ale," sauti moja ilisema nyuma ya watu. Hakuna aliyeiunga mkono.

Kuhani akawapa ishara wachinjaji. Walimfunga pembe na mguu, wakamvuta, kwato zikichora ardhi ambayo Dorki alikuwa ameifagia asubuhi ile. Ng'ombe alipiga kelele njia nzima. Mbele ya madhabahu Dorki ndiye aliyeshika beseni. Kuhani akachota maji, akayamwaga ndani ya sikio, na ng'ombe akatikisa kichwa, kama ambavyo kiumbe yeyote angefanya.

"Amekubali," Agesarko akatangaza.

Wote waliona, na wote wakala.

Dorki hakuonja. Alitoka langoni, akamkuta mama amekaa kando ya njia, kamba tupu mapajani. Akakaa karibu naye.

"Alikubali?"

"Hapana, mama."

"Nilimsikia. Wewe unamfagilia mwanangu kila siku. Niambie alivyo."

Dorki, ambaye hakuwahi kusema maneno mengi kwa pamoja, alisema. Mabega, ngumi zilizofungwa mikanda ya ngozi, taji.

"Na pua?"

Angeweza kudanganya, lakini hakujua lipi lingempendeza. "Imenyooka. Kama ya mungu Apolo."

"Masikio je?"

"Madogo. Mazuri."

Mama Timanori akainuka, akaizungusha kamba mkononi. Hakushuka tena mjini baada ya siku ile. Walimzika huko huko juu kwenye malisho yake, na Dorki akabaki na maneno haya aliyoambiwa na mama siku ile kabla hajaondoka:

"Mwanangu pua yake ilivunjwa hata ndevu hajaota, ikalala kushoto, na masikio yalivimba kama ngumi. Waambie huyo waliyemsimamisha humo simjui. Na ng'ombe wangu wamemla bure."