Chipsi za Siki Uwanjani

Kila mjukuu wangu anapotia siki kwenye chipsi, hapa mtaani kwetu Ghubra, nnarudi Uingereza, siku Baba aliponipeleka kutazama mpira. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu tukimbie Unguja, wakati wa mapinduzi. Koti lake la sufu, lililorowa mvua, lilinikwaruza shavu, na mzee wa Kizungu aliyesimama karibu yetu alitugaia chipsi za moto zenye siki.

Ghafla uwanja mzima ukapiga kelele. Baba akaninyakua, akaupa mchezo mgongo, akawa anapenya kwenye watu kuelekea mlangoni.

"Ni goli tu," yule mzee akamwambia kwa upole.

Baba akasimama. Nlisikia moyo wake ukidunda ndani ya koti.

"Nimekubeba upate kuona vizuri," akaniambia.

"Nimeona, Baba," nikamjibu.