Bosi Alipoachia Giaboksi Kiti Chake

"Panda, mama, mizani haiumi," anasema rubani Verl Osterbuhr.

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ndani ya banda la ndege nje kidogo ya mji wa Brannock, Nebraska. Marlys Kucera anapanda mizani, sanduku la spana mkononi. Verl anasoma, anaguna.

"Jana ulikula keki ngapi za kolachi?"

"Soma namba, we mzee! Tumbo langu niachie mwenyewe."

Hapa kila anayesafiri hupimwa, hata bosi. Ndege ya kampuni ni ndogo, na jua likiwaka huwa haitaki mzigo wa ziada.

Marlys, mwenye umri wa miaka 56, ni fundi wa mitambo ya kumwagilia mashamba, ile mirefu yenye miguu ya chuma inayozunguka shamba zima. Analipwa dola 31 kwa saa, na msimu wa kiangazi husafiri kwa ndege hiyo kila wiki.

"Watu wakisikia ndege ya kampuni wanadhani mabosi wanakunywa mvinyo," anasema akicheka. "Mimi humo nimekunywa kahawa ya chupa tu, tena nimekumbatia bomba."

Kutoka Brannock hadi uwanja wa ndege za abiria ni saa tatu kwa gari. Wateja wa kiwanda cha kampuni, kinachounda mitambo hiyo, wako majimbo ya mbali, na mtambo ukifa Julai, mteja hangoji. Hata hivyo, majira ya baridi yaliyopita, dada wawili wa bosi, wanaomiliki kampuni pamoja naye, walitaka ndege iuzwe. Walisema ni anasa. Bosi mwenyewe, Duane Sedlacek, akaomba msimu mmoja tu.

Mji mzima ulishika roho mkononi. Kila mtu alijua kuwa ndege ikiuzwa, kiwanda nacho kitahamia jiji kubwa, na watu mia mbili watabaki wakitazamana.

Julai ikaja na simu kutoka Idaho. Rulon Tibbitts, mkulima mkubwa wa viazi, mitambo yake miwili ilikuwa imesimama katikati ya joto. Isitoshe, alikuwa anafikiria kuing'oa yote na kununua kwa wapinzani.

Duane alivaa shati jipya ili aende kumbembeleza mwenyewe. Wakapimwa: yeye, Marlys, spana, na giaboksi mbili, yale masanduku mazito ya gia yanayozungusha magurudumu ya mtambo. Verl akatikisa kichwa.

"Mzigo umezidi. Mmoja abaki, au giaboksi moja ibaki."

Mteja yule alikuwa wa bosi, na kampuni ilikuwa ya bosi. Duane akaitazama giaboksi ya pili, akashuka kwenye mizani.

"Nendeni. Viazi havinywi maneno yangu."

Kabla ya adhuhuri Marlys alikuwa chini ya mtambo, matope hadi kiunoni. Alasiri maji yakaruka kote kuwili. Rulon akaja na gari lake, akatazama huku na huku.

"Bosi wako yuko wapi? Si alisema anakuja?"

"Tumemshusha. Hiyo giaboksi ndiyo iliyokalia kiti chake."

"Acha utani!"

"Haki ya Mungu. Muulize rubani."

Mzee akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akageuka kuyaangalia maji. "Basi mwambie sibadilishi kitu. Na anitengenezee mingine minane."

Jioni hiyohiyo Marlys alikula nyumbani na mumewe, Leland. Na dada za Duane? Hawajaitaja tena habari ya kuuza ndege.

"Nilijivuna, sifichi," anasema Marlys. "Kwa mara ya kwanza niliona mtu akishuka ili kazi yangu ipande."

Sasa ana ombi moja. Leland alichomelea miguu ya mitambo hiyo kiwandani miaka thelathini, hadi kiharusi kilipompoozesha upande mmoja. Hajawahi kuiona kutoka juu, mashamba yakiwa duara za kijani hadi upeo wa macho. Marlys anataka kumpandisha Jumapili moja kabla ya mavuno.

Duane amekubali, tena kwa furaha. Ameomba naye aende. Verl amekwisha piga hesabu: mgonjwa, mkewe, muuguzi, kiti cha magurudumu.

"Sasa?" Marlys anamuuliza.

Verl anafunga mlango wa ndege. "Bosi atabaki."