Siku Trolibasi Lilipovuka Nguzo ya Mwisho

Ukungu bado umelala juu ya Minsk wakati trolibasi jipya linapotoka kwenye lango la kiwanda. Halingurumi wala halitoi moshi. Linapita tu, kama mtu anayetembea usingizini, huku fimbo zake mbili za juu ya paa, ambazo madereva huziita pembe, zikinyonya umeme kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara.

Kwenye usukani ameketi Taisa Hrynkevich, mama wa miaka hamsini na saba, kitambaa cha buluu shingoni. Nyuma yake viti vyote vimevikwa nailoni, na juu ya kila kiti kuna gunia la mchanga lililowekwa badala ya abiria.

"Hawa ndio watu wangu," anasema, macho yakiwa barabarani. "Hawasukumani, hawanuni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini nimechelewa."

Taisa ni dereva wa majaribio katika kiwanda cha serikali cha kuunda matrolibasi. Kila gari linalozaliwa humo hupiga hatua zake za kwanza mikononi mwake.

Alipoajiriwa, akiwa binti wa miaka kumi na minane, kiwanda kilikuwa gereji kubwa tu ya kukarabati magari yaliyoundwa kwingine. Yalikuja yamechoka, yamekula kutu, sakafu zikitota kwa theluji iliyoletwa na viatu vya watu. Baadaye nchi kubwa waliyokuwa sehemu yake ikagawanyika, na gereji ikaamua kuunda magari yake yenyewe.

"La kwanza lilikuwa na sura mbaya, maskini," Taisa anakumbuka. "Taa zake zilitazama pande mbili tofauti kama mtu mwenye makengeza. Lakini lilipotembea, mafundi wazima walilia. Mimi pia. Tulikuwa hatujalipwa mishahara siku nyingi, tukila viazi vya mashambani kwetu, na bado tulilia kwa furaha."

Tangu hapo ameyaona magari yakibadilika. Ngazi za mlangoni ziliondolewa ili wazee wapande bila kushikwa mkono. Usukani uliokuwa ukivunja mabega ukawa mwepesi. Kisha likaja gari lenye betri, linaloweza kukunja pembe zake na kwenda mahali pasipo na nyaya.

Siku alipozisikia habari zake, Taisa alimfikiria mtu mmoja tu, mama yake.

Bi Leokadia ana miaka themanini na nne. Anaishi Verbavichi, kijiji cha bustani za matofaa kilicho mbele ya pale njia ya trolibasi inapokoma. Maisha yake yote hajaweza kuvumilia harufu ya petroli. Akiingia kwenye gari la kawaida, hajafika kwenye kona ya kwanza ameshatapika.

"Siku ya harusi yangu nilikwenda kanisani kwa mkokoteni wa farasi," Bi Leokadia anasimulia. "Watu wakadhani ni mila. Mila gani? Tumbo tu!"

Kwa hiyo, kwa miaka mingi, alitembea kwa miguu hadi kituo cha mwisho, akapanda trolibasi na kuingia mjini akiwa mzima. Mumewe Yosif, aliyekuwa fundi wa kusimika nguzo za njia hiyo, alimwahidi kwamba nyaya zitafika hadi mlangoni pao. Alizisimika nguzo shambani, moja baada ya nyingine, kuelekea kijijini. Nchi ikavunjika kabla nyaya hazijaletwa. Yosif akafa. Nguzo zikabaki, na korongo wakajenga viota juu yake.

Kisha miguu ya Bi Leokadia ikachoka, na macho yake yakafunikwa na mtoto wa jicho. Alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Siku moja Taisa alimkuta akilisalimia kwa heshima zote koti lililotundikwa mlangoni.

"Daktari alisema akifanyiwa upasuaji ataona," anasema Taisa. "Lakini amfikie vipi? Nilimletea teksi. Alishika nguzo ya uzio akakataa kuiachia. 'Bora nife kipofu kuliko kufa nikitapika,' akaniambia. Niliketi ngazini nikalia kama mtoto."

Ndipo alipoingia ofisini kwa mkuu wa majaribio, Ryhor Shabunya, mtu mrefu mwenye sauti ya radi.

"Mnatafuta barabara ya kulipimia gari la betri," alimwambia. "Twende Verbavichi. Kuna udongo, kuna kona, kuna kilima."

"Na kuna mama yako, Taisa Yosifovna," alijibu Ryhor, akiongeza jina la baba yake kwa heshima.

"Naye yupo."

"Unataka kumpeleka mama yako hospitali kwa gari la serikali?"

"Nataka kupima gari la serikali. Si mnapakia magunia? Shusheni gunia moja, mama akae hapo."

Ryhor alimkazia macho. "Ana uzito gani huyo mama?"

"Hafikii gunia. Ila maneno yake yanazidi."

Ryhor alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akamfukuza ofisini. Lakini wiki hiyo hiyo alimrudia na kibali mkononi. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba yeye mwenyewe awemo garini.

Walikwenda mwezi wa Mei, asubuhi ya baridi kali iliyochelewa kuondoka. Kwenye kituo cha mwisho Taisa alibonyeza kitufe, na pembe zikainama polepole juu ya paa. Mbele yao hapakuwa na waya hata mmoja, anga tupu tu.

"Nilihisi kama mtu aliyeachiwa baiskeli kwa mara ya kwanza," anasema. "Miaka yote nimekwenda chini ya nyaya. Mguu wangu uliogopa."

Gari likateleza kati ya mashamba ya viazi. Mitofaa ilikuwa imechanua, na petali nyeupe zikaanguka kwenye kioo kimya kimya. Watoto wa kijiji walilikimbilia. Bi Leokadia alikuwa ameshasimama langoni, shali ya sufi mabegani, kapu la chapati za viazi mkononi. Alinyoosha mkono hewani mpaka ukagusa ubavu wa gari.

"Halinuki," alinong'ona. Kisha kwa sauti, "Na huyu anayepumua kama ng'ombe ni nani?"

"Ni mkuu wangu, mama."

"Basi mpe chapati."

Wakaanza safari ya kurudi. Bi Leokadia aliketi nyuma ya binti yake, uso dirishani kana kwamba anaona. Walipokaribia kilima, chaji ilikuwa imeshuka kuliko walivyotarajia, kwa sababu kipasha joto kilikuwa kimekula betri tangu asubuhi. Ryhor akakizima. Bi Leokadia, aliposikia meno ya Ryhor yakigongana, alimvika shali yake bila kuuliza.

Kisha akasema, "Taisa, tumefika kwa baba yako?"

Kweli, nguzo ya kwanza kati ya zile za Yosif ilikuwa pale, korongo amesimama juu yake kwa mguu mmoja.

"Ndiyo, mama."

"Simamisha."

"Usisimamishe!" Ryhor aliruka. "Tukisimama hapa mlimani, kuondoka tena kutamaliza betri. Tutalala shambani!"

Taisa anasema hakufikiri. Alikanyaga breki.

Bi Leokadia alisukuma kioo cha dirisha. Upepo uliingia na harufu ya udongo uliolimwa. Aliitafuta nguzo kwa uso wake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili, "Yosif, limefika. Limechelewa, lakini limefika."

Akafunga kioo. "Haya, twende. Baridi hiyo."

Ryhor aligeukia upande mwingine, akapenga kamasi kwa kishindo.

Gari liliondoka kwa shida. Lilipanda kilima kwa mwendo wa mzee, taa nyekundu ikiwaka mbele ya Taisa. Kileleni aliliachia lishuke lenyewe, likarudisha chaji kidogo, likatambaa hadi chini ya waya wa kwanza. Pembe zikainuka, zikatafuta, zikashika. Taa zote zikawaka kwa pamoja, na Ryhor, mkuu wa majaribio, akapiga makofi peke yake.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Bandeji ilipofunguliwa, Bi Leokadia alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kutoka nywele hadi kidevu.

"Mwanangu," akasema, "mbona umezeeka hivi?"

Taisa anacheka hadi machozi anaposimulia hayo. "Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo."

Jicho la kushoto litafanyiwa kazi wakati wa vuli. Kuhusu barabara ile, halmashauri imekubali gari la betri lianze kwenda Verbavichi siku za soko, kuanzia majira ya kuchipua. Majira hayo hayo Taisa atastaafu, na kijana wa kuchukua nafasi yake anaendelea kufundishwa.

Je, hatajutia kuuacha usukani? Taisa anatikisa kichwa, akitazama ukungu unavyoanza kuachana na mapaa.

"Magari yote haya nimeyaendesha mimi, na sijawahi kukaa dirishani nikatazama nje tu, mpaka mwisho wa njia. Siku ya kwanza ya soko nitavaa gauni zuri, nitakaa karibu na mama, tutakula mbegu za alizeti."

Alipomweleza mama yake mpango huo, Bi Leokadia alikubali, kwa sharti.

"Njoo," alimwambia. "Lakini ukae kimya, umwache kijana wa watu aendeshe."