Kitovu Mpaka Magoti

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Maskati ilikuwa kuwavisha watu nguo, na mie si mshoni. Nilikaa chumba cha nyuma cha kampuni iliyoleta vitabu na majarida kutoka nje, pale Ruwi, nna kalamu nene ya wino mweusi mkononi, nikipitia ukurasa kwa ukurasa kabla havijapelekwa dukani mbele. Palipokuwa na mwili uliozidi kuwa wazi, nikaupaka wino. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafanya miaka ya tisini, kutwa, isipokuwa Ijumaa.

Nyumbani nilisema napanga vitabu. Mama aliona vidole vyangu vyeusi akaniuliza mbona napaka piko bila ya harusi, nikamwambia ni wino wa risiti. Niliona haya. Mwanamke mzima, mtalaka, kutwa anatazama watu walio uchi, ungeyaelezaje hayo mbele ya sinia la wali?

Kanuni tulipewa na mkubwa wetu, mzee aliyezaliwa Pemba, mwenye Kiswahili kitamu na subira fupi. Mwanamke afunikwe mwili mzima, abakishwe uso na viganja. "Mwanamme," akasema, "kitovu mpaka magoti. Basi. Msizidishe, mtaniharibia bidhaa." Hivyo ndivyo sheria ya dini inavyosema juu ya mwili wa mwanamme, na hakuna mtu kwetu asiyeijua tangu udogoni. Lakini kuijua ni kitu kimoja, na kuipima kwa kalamu mara arubaini kwa siku ni kitu chengine.

Matokeo yake unaweza kuyakisia. Wanawake walitoka chumbani mwetu wamekuwa nguzo nyeusi zenye vichwa. Wanaume walitoka karibu wazima. Mabega, migongo, miguu, vifua, vyote vilipita. Kwa hivyo mie, bila ya kukusudia, nikawa mtu wa kuwatazama wanaume.

Nawe usicheke. Kwetu sisi anayetazamwa ni mwanamke. Bibi harusi huwekwa juu, akasingwa mwili kwa manukato, akafukizwa udi, wanawake mia wakamkagua kuanzia nywele mpaka kisigino. Bwana harusi huja na joho lake na jambia lake, na hakuna anayeuliza shingo yake ikoje. Nimekaa na mume miaka sita, na ukiniuliza leo mgongo wake ulikuwaje sitakuwa na jawabu. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ni kitu cha kutazamwa.

Mezani mbele yangu alikaa mwenzangu, Mkenya kutoka Nakuru, Mkristo, mwimbaji wa kwaya, mpole wa sura na mkali wa ulimi. Kiswahili chake cha bara, changu cha Unguja, tukichekana kutwa. Nikichelewa kwenye ukurasa, aliniambia, "Dada, si uvalishe huyo mtu twende chai." Siku moja nilipolalamika kuwa kazi yetu ni ya ajabu, akasema, "Mficha uchi hazai, lakini sisi kuficha uchi ndiyo mshahara wetu, kwa hivyo wacha maneno."

Vitabu vya sanaa vilianza kuja kwa wingi kidogo mwishoni mwa miaka hiyo. Viliagizwa na walimu wa chuo, wageni wa mahoteli, na vijana wetu waliokuwa wakichora. Baadhi vilikuwa vya wachoraji wa siku hizi, na baadhi ya hao walikuwa wanaume wanaopenda wanaume, tena wamejisema wenyewe waziwazi katika utangulizi. Mkubwa wetu hakusoma Kiingereza. Yeye alitazama kitovu na magoti. Picha ya wanaume wawili juu ya kochi, wamevaa suruali, mmoja amelala kichwa pajani mwa mwenzake, ilipita mbele yake kama gari la jirani. Na kwa nini isipite? Hapa wanaume wazima hutembea sokoni wameshikana mikono na hakuna anayegeuka.

"Hii nayo inapita?" mwenzangu aliniuliza, amesoma maelezo ya chini.

"Kitovu kimefunikwa?"

"Kimefunikwa."

"Basi inapita."

Akaitazama tena. "Kanisani kwetu wangesema ni dhambi," akasema. "Lakini huyu mtu anajua kuchora mkono uliolala."

Hapo ndipo udadisi wangu ulipoanza khasa. Nilikuwa nimeshaona wanaume wengi kwenye vitabu vya sanaa za kale: wanapigana, wanabeba mawe, wanauawa, misuli imewatoka mpaka unawaonea tabu. Hawa wapya walikuwa hawafanyi chochote. Mmoja anakata kucha za miguu. Mmoja amesimama mbele ya friji lililo wazi, hajui anataka nini. Mchoraji mmoja alichora visogo tu, kitabu kizima, kila kisogo na nywele zake fupi na mkunjo wake, na nilipofika mwisho nikarudi mwanzo. Sikuwahi kujua kuwa visogo vinatafautiana hivyo. Mwengine alichora wanaume wenye vitambi, wenye vipara, na aliwachora taratibu, kama mtu anayemenya chungwa asitake ganda likatike.

Nilimuuliza mwenzangu yeye anaona nini. Akafikiri, kalamu mdomoni, mpaka akapaka mdomo wino. Akasema, "Naona kama huyu anayechora hataki huyu mwengine ainuke aende."

Nikaanza kutazama nje pia. Kwenye soko la mboga la Mawaleh, karibu na kwetu, wachukuzi walibeba magunia ya vitunguu, na mie niliyepita pale miaka na miaka ndiyo kwanza nikaona jinsi kisigino kinavyonyanyuka kabla ya bega kupokea uzito. Nilisimama nikitazama hadi nikayagonga matikiti ya mtu. Mama, niliyekuwa naye, akaniuliza namtazama nani. Nikamwambia natazama bei.

Sasa nikwambie habari za mtoto wa mjomba wangu. Alikuwa na umri wa miaka arubaini na kitu, mchora ramani za majengo katika wizara moja kule Maskati ya zamani. Alisoma Ulaya, akakaa huko miaka, kisha akarudi. Alikuwa mtu wa maneno machache, nadhifu, kanzu yake ya dishdasha haina mkunjo. Hakuoa. Kila Ijumaa alikuja kula kwetu, na kila Ijumaa mama yangu, ambaye ni shangazi yake, alimuuliza ataoa lini. Naye alijibu, "Shangazi, nnatafuta anayepika pweza kama wewe." Watu walicheka, lakini kadiri miaka ilivyokwenda kicheko kilipungua. Maneno yalikuwa yameshaanza. Wakubwa wa ukoo walikuwa wakimtajia mabinti, na mmoja wao alikuwa akisali msikiti mmoja na mkubwa wangu wa kazini.

Asubuhi moja nilifungua bahasha yenye kitabu chembamba, cha maonyesho ya picha za mchoraji mmoja aliyekufa mwaka uliotangulia. Utangulizi ulisema bila ya kuficha kuwa aliwapenda wanaume, na kuwa wote aliowachora walikuwa rafiki zake na wapenzi wake. Nikaanza kupekua, nna kalamu tayari. Ukurasa wa kumi na kitu palikuwa na mwanamme ameketi kwenye kigoda jikoni, kifua wazi, amefunga kikoi, mguu mmoja umekanyaga mwenzake, kikombe cha chai mkononi. Kikoi kile kimefungwa kwa mkunjo wa upande wa kushoto, kama wanavyofunga nyumbani kwa mjomba wangu. Nikanyanyua macho kwenye uso. Alikuwa yeye, mtoto wa mjomba, katika ujana wake.

Nilitazama karatasi ya agizo iliyobanwa juu ya bahasha. Jina lake lilikuwepo. Ameagiza mwenyewe, dukani mbele, kumbe hata hajui kama vitu hupita mikononi mwangu.

Kitabu kikitoka kwangu kitakwenda kwa mkubwa kupigwa muhuri, kisha kitakaa kaunta mpaka mwenyewe aje kukichukua, na kila mwenye mkono atakifungua. Mkubwa anamjua, anaijua familia. Na kwa kanuni yake picha ile ilikuwa halali kabisa: kitovu kimo ndani ya kikoi, magoti yamefunikwa. Hapakuwa na pa kutia wino. Kilichobaki ni uso, na uso ndio uliokuwa khatari.

Kwetu kuna neno, sitara. Ukiona aibu ya mwenzio, uifunike, na Mungu atakufunikia yako. Nimelelewa nalo. Mama yangu aliosha maiti mtaani kwetu miaka mingi na hakuna jambo alilolitoa nje, maana aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nikajiambia na mie leo ni mwosha. Nikashusha kalamu juu ya uso wa mtoto wa mjomba wangu, nikazungusha mara tatu, nne, mpaka ukawa mweusi ti.

Mwenzangu aliinua kichwa. "Dada, na uso pia? Tangu lini?"

"Huyu kakaa vibaya."

"Lakini amevaa." Alinitazama, akaitazama karatasi ya agizo. Alikichukua kitabu akakipeleka kwa mkubwa yeye mwenyewe, kikapigwa muhuri bila ya neno. Siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilijiona nimemwokoa ndugu yangu, na kwamba hatajua kamwe ni nani aliyemwokoa.

Ijumaa alikuja kama kawaida, lakini hakuingia. Alinipigia honi. Nilipotoka alinambia nikae garini, akawasha mashine ya baridi, kitabu kilikuwa pajani mwake. Ndani ya nyumba mama alikuwa akikaanga samaki na harufu ilifika mpaka barabarani. Alikifungua penye ukurasa ule.

"Pale kwenu," akasema, "nani anafanya kazi hii ya wino?"

Ningeweza kusema uongo. Nilishausema sana. "Ni mie," nikamwambia.

"Wewe?"

"Nilikusitiri, kaka. Kitabu kingekaa pale mbele, na mkubwa wetu anasali na..."

"Nnajua," akasema. "Nnajua anasali na nani." Hakuwa na hasira, na ningependelea awe nayo. Alipitisha kidole juu ya ule weusi, polepole, kama anayetafuta pa kufungulia. Nikamwambia nitajaribu kuufuta. Akatikisa kichwa. Nilijua mwenyewe kuwa haufutiki. Wino ule ukiusugua kwa spiriti huondoka na rangi ya picha, ikabaki karatasi nyeupe. Nikamwambia aagize chengine. Akanambia vilichapishwa vichache, amekisaka mwaka mzima, na pale vilipotoka pameshafungwa. Picha yenyewe ilinunuliwa na mtu asiyejulikana.

Kisha akanieleza, macho yake yako kwenye usukani. Alikaa kwenye kigoda kile kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Mchoraji hakumruhusu kuja upande wa pili kuitazama picha mpaka imalizike. Kabla haijamalizika, barua ilikuja kutoka nyumbani kuwa baba yake mgonjwa, naye akarudi, na baada ya kurudi akapewa kazi, na baada ya kazi ikawa haiwezekani tena. Habari ya kifo ilimfikia miezi baadaye, kwenye barua ya mtu mwengine.

"Mimi sijapata kuiona," akasema. "Nilitaka nijue alivyoniona." Akanigeukia. "Wewe umeiona. Nambie, nilikuwaje?"

Nikafurahi kuwa kuna kitu naweza kumpa. Mie si ndiye mtazamaji? Nikamweleza mguu juu ya mguu, na kidole kikubwa kilivyojikunja kama kinaona baridi. Nikamweleza kikoi, na mkunjo wa kushoto. Nikamweleza bega lililoshuka kidogo upande wa kikombe, na kivuli chini ya mbavu, na jinsi rangi ya kifua chake ilivyokuwa na wekundu ndani yake, ambao sikuwahi kujua kuwa sisi tunao. Nilisema mengi. Alisikiliza bila ya kupepesa.

"Na uso?" akauliza. "Nilikuwa nacheka? Nilikuwa na huzuni? Nilikuwa namtazama yeye?"

Nikautafuta uso ule kila mahala, na sikuupata. Visogo vya wanaume nisiowajua nilikuwa navyo kichwani, kimoja kimoja. Uso wake nilikuwa nao kwa kadiri ya kuutambua tu, kisha kalamu.

"Sikuutazama," nikamwambia. "Nilikujua, nikaogopa."

Akakifunga kitabu akakiweka kiti cha nyuma, taratibu, kisijikunje.

"Na yeye alikuwa akiogopa," akasema. "Lakini alinitazama miezi mitatu."