Hewa Safi ya Wageni

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule lilikuwa hili: nyumba ikizibwa kila tundu, hewa iliyomo ndani inaweza kuisha? Nilijua jibu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Nchiru na shahada ya sayansi, bila kazi, na mtu wa namna hiyo hatakiwi kuogopa kumaliza hewa. Lakini kujua jibu ni kitu kimoja, na kuliamini ukiwa umelala chali gizani ni kitu kingine. Nilikuwa navuta pumzi kidogo kidogo, kama mgeni anayejimiminia chai akihofia kwamba birika linakaribia kuisha.

Chanzo kilikuwa kifua cha mama. Daktari wa pale Embu aliitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Mama, ukikaa mbali na moshi, utawaona wajukuu. Ukiendelea nao, mimi sina dawa nyingine ya kukupa." Mama akamshukuru kwa heshima. Mimi nilirudi nayo ile kauli Manyatta, kule kwetu juu karibu na msitu, nikampigia simu kaka yangu aliye ng'ambo. Kaka hana mzaha na mambo ya mama. Hatukuwa tumemaliza kuongea akawa ameshaamua kununua mtambo wa kusafisha hewa ya nyumba nzima, ule unaofungwa juu ya dari na kupeleka hewa kila chumba kwa mabomba.

"Wewe ndiye utachagua na kuutunza," akaniambia. "Umesoma, na huna kazi."

Nilichagua mpaka nikakonda. Kuna mitambo inayochuja kwa karatasi nene, kuna inayoua vijidudu kwa taa, na kuna inayotia umeme hewani ili vumbi lishikane na kuanguka. Nikawaza: likianguka, linaangukia wapi? Kwenye chakula? Mtambo wenye kelele niliuogopa. Usio na kelele niliuogopa zaidi, maana mtu atajuaje kama unafanya kazi? Jioni nilikuwa namsomea mama maelezo huku akichambua maharagwe, na alisikiliza kwa makini sana. Mwishowe akauliza kama kuna wa rangi ya kijani, ulingane na viti.

Fundi alikuja kutoka Meru mjini, kijana mwenye miwani ya jua aliyokuwa haivui hata ndani ya nyumba. Nilimtembeza sebuleni, vyumba vya kulala, mpaka stoo. Jikoni hatukwenda. Jikoni kwetu ni nyumba nyingine, ng'ambo ya ua, ya mbao na mabati, yenye mawe matatu, moto usiozimika na mahindi ya mbegu yakining'inia juu yake. Hakuna aliyekuwa anaificha. Ndivyo tulivyolelewa tu: kitu kizuri kikiingia bomani kinawekwa nyumba kubwa, pale ambapo vitambaa vya kufuma vimefunika viti ambavyo mwenye nyumba havikalii. Fundi alikunywa chai iliyopikwa kule jikoni, akaisifu kwamba ina ladha ya moshi, akaendelea kupima sebule.

"Haya matundu yote juu ya madirisha lazima tuzibe," akasema.

"Yote?"

"Boss, kwani wewe huchuja chai na kikapu?"

Akayajaza povu la njano lililovimba na kufurika kama uji uliosahauliwa motoni. Mama alisimama mlangoni akitazama.

"Baba," akaniita, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake, "huyu akimaliza, sisi tutapumulia wapi?"

Nilifarijika kidogo. Angalau wasiwasi wangu ulikuwa wa ukoo.

Mtambo ulipowashwa, kitaa kidogo ukutani kiliwaka kijani. Fundi akaeleza: kijani, hewa ni safi, njano, ina walakini, nyekundu, ni chafu na feni itaongeza kasi. Akakaa, akakunja nne. Mama akaingia na sahani ya viazi vitamu. Kitaa kikawa chekundu hapo hapo, na kule darini kitu kikanguruma kama lori la majani chai linalopanda mlima. Moshi ulikuwa umekaa kwenye sweta lake, kwenye leso, kwenye kitambaa cha kichwa. Mama akarudi nyuma mpaka nje. Ngurumo ikatulia, na baada ya muda kijani kikarudi. Akaingiza mguu. Nyekundu.

"Inanijua," akasema.

"Si mnaona inafanya kazi!" Fundi alipiga makofi, akala viazi.

Habari zikaenea. Jumuiya yetu ya kanisa, ambayo husali kwa zamu katika nyumba za waumini, ikaomba zamu yetu iwahishwe. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alipanda kutoka Mitunguu na mkungu wa ndizi ili asipitwe. Wote waliacha viatu nje. Waliongea kwa kunong'ona, sijui kama ni kwa heshima au kwa kubana matumizi ya hewa.

Sasa, katika jumuiya ile karibu kila nyumba hupikia kuni. Walipoingia, kitaa kiliwapokea wote kwa wekundu, na sala ya kwanza haikusikika kwa ngurumo. Wakashauriana, wakatoka nje, wakaamua kuingia kwa zamu ili ijulikane tatizo ni nani. Nilijaribu kueleza kwamba kinachopimwa ni moshi, si mtu. Hakuna aliyenisikiliza. Mke wa mwenye duka, ambaye hupikia gesi, aliingia na kitaa kikabaki kijani.

"Bwana asifiwe," mmoja akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole.

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee ambaye hajawahi kukosa ibada hata mvua ikinyesha mawe, alikuwa mwekundu. Akavua koti, akaingia tena. Nyekundu. Akavua sweta, akampa mke wake, akasimama chini ya kitaa kwa shati, macho juu. Ikawa njano.

"Mwacheni hapo hapo," shangazi akasema. "Mzee amefika toharani."

Baada ya siku ile waumini walianza kuoga na kubadilisha nguo kabla ya kuja kwetu, na wengine waliacha kuja kabisa.

Mimi nilibaki na matunzo. Nilipangusa midomo ya mabomba kwa kitambaa chenye unyevu. Stima ikipotea nilihesabu watu waliomo ndani na kufungua mlango, japo mara nyingi niliyekuwa ndani ni mimi peke yangu. Kisha ukafika wakati wa kukagua chujio. Nilipanda darini na tochi, nikalichomoa nikitarajia kuona weusi wote uliookolewa mapafuni mwa mama yangu. Lilikuwa jeupe kama kitambaa cha altare.

Nilikaa pale juu ya mbao nikilitazama. Chujio safi maana yake hewa ni safi, au maana yake halichuji? Nikampigia fundi.

"Msomi," akasema, "ukiona shati yako ni safi, huwa unaipeleka kwa daktari?"

Nilikata simu nikiwa na wasiwasi zaidi. Uchafu wa kitaa chekundu nilikuwa nimeuona kwa macho yangu. Kama mama alikuwa akiingia kila jioni kulala na nguo zake za jikoni, chujio lilipaswa kuwa limeanza hata kuwa kijivu. Kwa hiyo ama mtambo ulikuwa umekufa, ama mama alikuwa haingii.

Asubuhi iliyofuata nilivuka ua mapema, kabla hajakamua ng'ombe. Mlango wa jikoni ulikuwa umeegeshwa. Godoro lake lilikuwa juu ya benchi refu, karibu na moto, blanketi limekunjwa vizuri, na yeye alikuwa ameinama akipuliza kuni, akikohoa kati ya pumzi na pumzi.

"Mama, unalala hapa?"

"Tangu ile kitu ianze kunipigia kelele."

"Lakini imeletwa kwa sababu yako!"

"Najua. Ndiyo maana sitaki kuichafua. Kaka yako amekaa kwa baridi ya watu ndiyo anunue, halafu mimi niingie na moshi yangu, iharibike kabla wageni wengine hawajaiona?" Akakohoa tena, kikohozi kirefu kilichomfanya ashike nguzo. "Huko ndani hewa ni nzuri sana, baba. Enda ukae."

Katika boma letu lote, aliyekuwa akipumua vizuri kuliko wote ni ule mtambo.

Nilirudi ndani nikawaza kwa namna yangu. Bomba moja livushwe ua hadi jikoni? Moshi wa kule ungeuua mtambo mara moja. Mama apikie gesi? Gesi tulikuwa nayo. Mtungi ulikuwa pale sebuleni, zawadi nyingine ya kaka, umefunikwa kitambaa cha kufuma, haujawahi kuwashwa. Labda mama aoge kila akitaka kuingia, katika baridi ile, na kifua kile? Nilifikiria mpaka nikafikia kufikiria mtambo wa pili, wa kusafisha mama mlangoni. Wakati huo wote nilikuwa nasikia kikohozi kutoka ng'ambo ya ua.

Nikampigia kaka kabla sijapata nafasi ya kupanga maneno. Nikamwambia mama analala jikoni ili mtambo usichafuke.

"Fanya unachoona," akasema. "Amekula?"

Nikazima mtambo kwenye swichi kubwa. Nikachukua kisu nikachokonoa povu kutoka kila tundu mpaka upepo wa mlimani ukaingia na kupeperusha vitambaa. Nikabeba godoro la mama hadi kitandani kwake, naye akinifuata nyuma akinikaripia kwa Kiembu kwamba nitaua kitu cha watu. Kisha nikashuka sokoni kwa mafundi wa mabati, nikanunua bomba la dohani na kuazima mkasi wa kukatia bati.

Juu ya paa la jikoni nilikumbwa na maswali yote kwa pamoja. Mvua je? Upepo ukirudisha moshi? Bati likishika kutu kuanzia pale nitakapokata?

"Baba!" mama akapaza sauti kutoka ndani, chini ya miguu yangu. "Ukikata hapo, mbegu zangu zitalowa!"

"Nikate wapi?"

Akagonga bati kutoka chini kwa mwiko, juu kidogo ya moto. Nikatoboa kwa msumari palepale, nikaingiza mkasi, nikakata. Moshi ukanitokea usoni wote, mzito, na machozi yakanitoka. Nikaendelea kukata.